Simba ni Nani? Neno la Imani katika Kitabu cha Vincent Donovan

Kitabu cha padre Mmarekani Vincent Donovan, Christianity Rediscovered, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1978, kimesomwa zaidi na wanateolojia kuliko wanalugha. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwani mgogoro ulio moyoni mwa kitabu hicho si wa mafundisho ya dini peke yake. Ni mgogoro wa neno. Mzee mmoja wa Kimaasai, ambaye jina lake halikutajwa, anamfahamisha padre kwamba neno analolitumia kwa maana ya imani halitoshi, na kuanzia hapo mtu aliyevuka bahari kuja kufundisha anageuka kuwa mwanafunzi wa msamiati. Makala haya yanashikilia kwamba tukio hilo ndilo linalofaa kuwa kipimo cha kitabu kizima. Anayedai kwamba amemtambua Mungu ndani ya watu aliokwenda kuwatumikia hana budi kuulizwa swali moja: je, watu hao waliwahi kumsahihisha, naye akakubali kusahihishwa?

Yafaa kisa kielezwe kwa ufupi. Donovan alikuwa mmoja wa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alifika Tanganyika katika miaka ya 1950, na katikati ya miaka ya 1960 alikuwa kwenye misioni ya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Misioni hiyo ilikuwa na shule, hospitali na sifa njema. Wamaasai waliwapokea mapadre katika maboma yao, wakazungumza nao habari za ng'ombe, wakapanda gari lao kuwapeleka wagonjwa. Mwezi wa Mei 1966 Donovan alimwandikia askofu wake barua ambayo ndiyo mlango wa kitabu. Alikiri humo kwamba, pamoja na wema huo wote, hapakuwa na Mmaasai mtu mzima wa mahali pale aliyeishika dini, wala Mungu hakuzungumzwa kamwe baina ya wenyeji na wageni wao. Akaomba ruhusa ya kuyaweka kando mambo ya shule na hospitali, aende bomani kuzungumza na watu juu ya Mungu, basi.

Msomaji wa Kiswahili anao ufunguo wake wa kuifungulia barua hiyo. Shina la kitenzi kutuma limezaa majina matatu ambayo hayakai pamoja kwa amani: mtume, mtumishi na mtumwa. Mtume hutumwa akiwa na ujumbe, na kazi yake ni kusema. Mtumwa hutumwa pasipo kuulizwa, na kazi yake ni kusikia. Mtumishi yuko baina yao. Hana utukufu wa yule wala unyonge wa huyu, na daima anavutwa huku na huku. (Kuhudumu, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maofisi yamelipenda kupita kiasi, halimtaji mtumaji hata kidogo, na labda ndiyo sababu likapendwa.) Shirika la Donovan lilianza kazi yake Bagamoyo mwaka 1868. Huko mapadre waliwakomboa watumwa kwa fedha na kuwaweka katika vijiji vya Kikristo, na Donovan anaisimulia historia hiyo bila kuipamba. Nia ilikuwa njema, lakini aliyekombolewa kwa fedha ya padre angewezaje kumwambia padre kwamba amekosea neno? Kwa maoni ya Donovan, shule na hospitali za siku zake zilikuwa zimeirithi kasoro ileile kwa njia ya upole zaidi. Mtume alisema, na aliyesikilizwa hapo alikuwa mtume peke yake.

Sehemu ya kwanza yenye uzito katika kitabu ni mazungumzo juu ya Ibrahimu. Wazee wamemweleza padre habari za Enkai, na jinsi alivyowapa Wamaasai ng'ombe na kuwapenda kuliko makabila mengine. Padre naye anawaeleza kwamba Ibrahimu aliitwa aiache nchi ya watu wake kumtafuta Mungu asiyefungwa na kabila wala mlima, na anadokeza kwamba pengine nao wamemfunga Mungu wao vivyo hivyo. Hadi hapo msomaji yumo katika njia aliyoizoea: mgeni anampanulia mwenyeji Mungu wake. Kisha anatokea mtu mmoja katika baraza na kuuliza kama hadithi hiyo inawahusu Wamaasai pekee, au inamhusu pia padre na kabila lake. Je, kabila lake limempata huyo Mungu? Donovan anasimulia kwamba jibu jepesi lilikuwa limekwisha kumjia mdomoni, akalizuia. Aliyakumbuka mataifa ya Ulaya na nchi yake mwenyewe, jinsi kila moja lilivyokwenda vitani likiwa na yakini kwamba Mungu ni wa upande wake. Akakiri kwamba hapana, watu wake nao hawajampata, na kwamba amekuja ili watafute pamoja.

Kisanaa, hapo ndipo kitabu kinapozaliwa. Kabla ya hapo msimulizi ndiye ajuaye yote na wahusika wengine ni wasikilizaji. Baada ya hapo msimulizi ni mhusika kama wengine. Hata hivyo mhakiki hana budi kusita. Okot p'Bitek, katika African Religions in Western Scholarship (1970), alionya kwa ukali juu ya tabia ya wageni, na ya wasomi wa Kiafrika waliofuata nyayo zao, ya kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani na kisha kufurahi kwamba wamemkuta Mungu wao wenyewe. Mfano wake wa Rubanga unajulikana. Wamisionari waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Swali halikuwa na maana kwao, lakini waliposukumwa walimtaja Rubanga, kwa kuwa ndiye aliyesemwa kuwafinyanga watu: ni pepo aletaye kibyongo. Basi jina la pepo huyo likawa jina la Mungu wa Wakristo. John Mbiti, ambaye kazi zake za mwaka 1969 na 1970 zilikusanya majina na sifa za Mungu kutoka pande nyingi za Afrika, ni mmoja wa waliopigwa na fimbo hiyo ya Okot, na fimbo ilikuwa kali kuliko haki, kwa maana Mbiti alikuwa mwenyeji aliyezungumza habari za kwao. Lakini onyo lenyewe halijachakaa. Kumtambua Mungu ndani ya mtu mwingine kwaweza kuwa heshima, na kwaweza pia kuwa njia ya mwisho ya kumnyang'anya mtu alichonacho.

Donovan anaepukaje shutuma hiyo? Haiepuki kote. Jina Enkai lina kiambishi cha jinsi ya kike, na ndilo pia jina la mvua na la mbingu. Katika mazungumzo makuu ya kitabu linageuka kuwa Mungu Mkuu wa Kiingereza, mwenye kiwakilishi cha kiume. Kiswahili kingemwokoa na tatizo la jinsi, kwa kuwa Mungu wetu wa Kiswahili hana uke wala ume katika sarufi, lakini mvua ingepotea vilevile. Ikumbukwe kwamba jina hilo lilikuwa limekwisha kusafiri bila msaada wa misioni yoyote. Wakikuyu walilipokea kwa majirani zao Wamaasai, wakasema Ngai, na Wakamba wakalitumia pamoja na Mulungu. Majina ya Mungu huvuka mipaka pamoja na ndoa, biashara na ng'ombe walioibwa; hayakumngoja mwanachuoni yeyote ayalinganishe.

Mahali ambapo Donovan anaokoka ni kwenye neno imani. Baada ya miezi ya mafundisho, anakaa na yule mzee asiye na jina, wanazungumza juu ya uchungu wa kuamini na kutoamini. Mzee anamwambia kwamba neno alilolitumia padre, yeye na katekista wake Mmaasai, lina maana ya kukubali tu. Kuamini kwa namna hiyo ni kama mwindaji wa Kizungu ampigaye mnyama risasi kutoka mbali: jicho lake na kidole chake vimefanya kazi, mwili uliobaki haumo. Anapendekeza mfano wa simba. Simba anapowinda, pua, macho, masikio na miguu yote humfuata mnyama, na akishamfikia humkumbatia kwa mikono yake ya mbele na kumfanya sehemu ya nafsi yake. Donovan anakiri kwamba kasoro ya neno lake alikuwa anaijua. Kukiri huko ni kwa thamani kubwa, kwa sababu kunaonyesha kwamba mhubiri aweza kulitumia neno analolijua kuwa bovu, mradi wasikilizaji wamenyamaza.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili asijione yu salama. Katika makanisa yetu ya Kikatoliki kanuni ya imani huanza na neno nasadiki, na kusadiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuyapokea maneno kuwa ni ya kweli. Ni jicho na kidole. Si bure kwamba Shaaban Robert aliipa nchi yake ya mwaka 1951, nchi inayoelea angani, jina la Kusadikika. Kinachosadikika kinaweza kukaa hewani pasipo kuigusa ardhi. Kuamini kumepata ndugu bora zaidi: amani, amana, uaminifu. Mtu aliyeweka amana kwa jirani yake ameiachia mali mkononi mwa mwingine, akaenda zake akalala usingizi; humo mwili umeanza kuingia. Lakini usemi ulio karibu zaidi na simba wa mzee ni ule wa pwani usemao mtu ameshika dini, ameshika sala. Kushika ni tendo la mkono. Wafasiri wengi wameupita usemi huo wakauona ni wa kawaida mno, na huenda wamefanya kosa.

Mzee hakuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo wahubiri huipenda sana na kuiharibu kwa kuinukuu mno. Akamkumbusha padre kwamba Wamaasai hawakumtafuta, wala hawakutaka aje. Yeye ndiye aliyewafuata mbali na nyumbani kwake, porini, kwenye nyanda walikochungia. Na yeye aliwaambia wamtafute Mungu, lakini hawakumtafuta. Mungu ndiye aliyewatafuta akawapata. Walidhani simba ni wao, kumbe simba ni Mungu. Uzuri wa mfano huu ni kwamba unageuka mkononi mwa msemaji wakati bado anausema. Kwanza simba ni mwumini, mwishoni mwumini ndiye windo. Sarufi ya Kiswahili inaliona jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa kitenzi chetu humbeba mtafutaji na mtafutwaji bega kwa bega: tunamtafuta, anatutafuta. Viambishi viwili vimebadilishana mahali, shina halikutikisika.

Ni nani basi aliyemwona Mungu ndani ya nani? Wasomaji wengi wa ng'ambo hujibu haraka kwamba padre alimwona Mungu kwa Wamaasai. Matini hayasemi hivyo wazi. Yanasema kwamba mzee alimwona Mungu katika kule kuja kwa padre, kabla padre hajaona lolote, na kwamba padre aliambiwa. Jambo hili linapatana na matini mawili ya zamani ambayo watu wa pwani, Wakristo na Waislamu, wanayajua sana. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, wale waliomlisha mwenye njaa na kumtembelea mfungwa wanashangaa wanapoambiwa kwamba walimlisha na kumtembelea Mfalme mwenyewe, na wanauliza ni lini. Walionyima nao wanashangaa vilevile. Katika hadithi ya kudusi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mwenyezi Mungu anamwuliza mwanadamu siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja anastaajabu, na anajibiwa kwamba lau angemzuru fulani aliyekuwa mgonjwa, angemkuta Mungu huko. Matini haya hayalingani katika kila jambo. Injili inasema kwamba tendo lilitendewa Mfalme mwenyewe. Hadithi inasema Mungu angekutwa kwa mgonjwa. Lakini yote mawili hayamwachi mhudumu ajue mapema. Anayeingia hospitalini akisema kwamba anakwenda kumwona Mungu katika kitanda cha tatu ameshaacha kumwona mgonjwa.

Kwa hiyo ni kosa kuifanya habari ya Loliondo kuwa mbinu ya kazi. Donovan mwenyewe mara nyingine anaelekea huko, hasa katika sura zake za nadharia, ambazo ni kavu na zinaweza kupitwa upesi. Nguvu yake imo katika matukio anayoyasimulia dhidi ya nafsi yake. Tukio la Ndangoya ni mojawapo. Mwaka mmoja wa mafundisho umekwisha, na padre amesimama kuamua nani abatizwe: huyu mzee alikosa siku nyingi, yule hakuelewa, wale vijana walikuwa machungani. Mzee Ndangoya anamkatiza kwa adabu na kwa uthabiti, akimwuliza kwa nini anataka kuwatenganisha. Wavivu walikuwamo, lakini walisaidiwa na wenye bidii. Wenye imani haba walisaidiwa na wenye imani nyingi. Yeye amewasemea watu wake tangu siku ya kwanza, na sasa anawasemea tena kwamba wameamini. Padre anawabatiza wote walioitaka imani hiyo kwa pamoja.

Tofauti iliyomgharimu Donovan kiburi chake yote iko katika kiambishi kimoja, ni- na tu-. Haikuwa ngeni katika historia ya Kanisa: kanuni iliyotungwa Nisea mwaka 325 ilianza kwa nafsi ya kwanza wingi, ingawa ibada ya Kilatini iliizoesha midomo ya watu umoja, na nasadiki yetu imeufuata umoja huo. Ndangoya hakusoma habari za Nisea. Alikuwa na jamii ambayo ndani yake umoja wa nafsi ulikuwa upungufu wa sarufi. Vilevile katika ibada walizozianzisha, jani la majani mabichi, ambalo kwa Wamaasai ni ishara ya amani, lilipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mtu akilikataa kwa sababu ya ugomvi, misa haikusomwa. Kwa maneno mengine, siku hiyo padre alitumwa arudi. Neno mtumishi hapo limepata maana yake.

Baada ya sifa hizo, lawama haiwezi kuepukwa. Mahali palepale ambapo mzee anamsahihisha padre neno, neno lenyewe la Kimaasai halipo. Halikuandikwa lile la kukubali, na kama mzee alikuwa na lingine la kuliweka mahali pake, nalo halikuandikwa. Msomaji anapewa Kiingereza kizuri, na simba, na kimya. Mwenyeji amepewa heshima ya kumfundisha mgeni imani, lakini hakuachiwa lugha aliyomfundishia. Katekista Mmaasai, ambaye bila yeye neno lisingepatikana, anapita katika simulizi kama kivuli cha mtu aliyebeba taa. Wasemaji wakuu ni wazee wanaume. Wanawake wa maboma hayo, ambao jina la Mungu wao lina kiambishi cha kike, hawana hotuba inayokumbukwa. Inaweza kusemwa kwamba Donovan hakuandika kitabu cha isimu. Ni kweli. Lakini hakuandika kitabu ambacho lugha ni pambo, na yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba kila kitu kilining'inia kwenye neno moja.

Kuna ulinganisho mmoja ambao haujapata kufanywa ipasavyo. Donovan alipata ujasiri wake kwa kiasi kikubwa katika maandishi ya Roland Allen, kasisi wa Kianglikana ambaye kitabu chake cha mwaka 1912 juu ya njia za Mtume Paulo kililaumu misheni kwa kutowaachia wenyeji Kanisa lao. Donovan alimjua Allen wa kitabu hicho. Allen wa uzeeni anajulikana zaidi na wanafunzi wa Kiswahili. Aliishi Nairobi, akafa humo mwaka 1947, na katika miaka yake ya mwisho alijifunza Kiswahili na kuzifasiri tendi za Waislamu wa pwani, miongoni mwao kazi ya Hemed Abdallah el Buhry wa Tanga. Hakwenda kwa Hemed kumhubiria. Alikaa na beti zake kama mwanafunzi. Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani ulichapishwa mwaka 1961, pamoja na maelezo ya mwanawe, J. W. T. Allen. Katika kitabu hicho Kiswahili cha Hemed na Kiingereza cha Allen vinakwenda sambamba ukurasa kwa ukurasa, na msomaji anayeona kwamba mfasiri amekosea ana neno la mshairi mbele ya macho yake la kumsahihishia.